Wa kwanza kwenu kuingia chuo cha watu weusi Marekani: mwongozo kamili wa kupata watu wako

Siku nilipohamia bweni, mama alibeba ndoo ya plastiki yenye chapati kumi na nane, zimefungwa kwa taulo zisipoe. Baba alibeba godoro ambalo hatukujua kwamba halihitajiki. Chumba cha jirani walikuwa vizazi vitatu: bibi, binti yake na mjukuu, wote wamevaa fulana za rangi ya chuo, ya bibi ikiwa na mwaka wake wa kuhitimu, 1974. Walikuwa wanaimba wimbo wa chuo huku wakitandika kitanda. Bibi anaanzisha, binti anadakia, mjukuu anamalizia. Sisi tulitandika chetu kimya. Baba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huo wimbo mmefundishwa lini?" Sikuwa nimefundishwa.

Mwongozo huu ni wa yule aliyetandika kitanda kimya. Wazazi wangu ni Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa Marekani. Nilisoma kwenye chuo kimoja cha watu weusi katika majimbo ya Kusini, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kukaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katika wale niliowaona wakiondoka mapema, wengi hawakuanza kwa kufeli. Walianza kwa kula peke yao. Kwa hiyo sitaongea sana habari za mitihani. Nitaongea habari za watu: utawapataje, lini, na ufanye nini wasipopatikana haraka.

Vyuo hivi, ambavyo Marekani huitwa kwa kifupi HBCU, vinapokea wageni vizuri. Lakini vinapokea kama nyumba ya ukoo inavyopokea. Rangi ya ngozi inakufikisha getini tu. Kuanzia hapo unabisha hodi, unajitambulisha, unakaa, unakula kilichopo.

Hatua ya 1: Jua wewe ni nani kwenye makaratasi

Marekani ina jina rasmi kwa mtu kama wewe: mwanafunzi wa kizazi cha kwanza. Kwa programu za serikali ya shirikisho, ni yule ambaye wazazi wake hawajapata shahada ya kwanza. Hapa wengi wetu tunajikosesha haki. Baba alisoma chuo cha ualimu akapata diploma, basi kwenye fomu tunaandika kwamba mzazi amesoma chuo. Diploma si shahada, na cheti si shahada. Dada yako kutangulia chuoni nako hakukuondoi kwenye kundi hili, kwa sababu wanaoangaliwa ni wazazi.

Jina hilo linafungua mlango wa programu za serikali za kuwasaidia wanafunzi, ziitwazo TRIO, hasa ile iitwayo Student Support Services. Ukikubaliwa unapata mshauri wako, watu wa kukusaidia masomo yanayokulemea, na chumba ambacho kila aliyekaa humo ni wa kwanza kwao. Chumba hicho peke yake kinatosha kukupa sababu ya kwenda. Nafasi huwa chache, kwa hiyo peleka fomu wiki ya kwanza. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye makazi ya kudumu wanaruhusiwa kuomba sawa na raia. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi; yeye aende moja kwa moja ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, atapata watu wake kule.

Hatua ya 2: Soma historia ya nyumba kabla ya kuingia

Usiende kichwa kitupu. Sheria ya elimu ya juu ya 1965 inavitambua vyuo hivi kuwa ni vile vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani weusi. Viko takriban mia moja. Cheyney, kule Pennsylvania, kilianza 1837, utumwa ukiwa bado halali kwenye majimbo ya Kusini. Fisk kilianza 1866, Howard na Morehouse 1867, Hampton 1868, yaani miaka michache tu baada ya vita vilivyoumaliza utumwa huo. Waliojaza madarasa yale ya mwanzo walikuwa watoto wa watu waliokatazwa kusoma kwa sheria, na wengine wao wenyewe walikuwa watumwa juzi tu. Maana yake, kizazi cha kwanza kilikuwa ndiyo kazi ya vyuo hivi tangu siku ya kwanza. Wewe hukuja kuomba nafasi kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wengine.

Kwa chuo chako hasa, jua mambo matatu kabla ya Agosti: kilianzishwa na nani na kwa sababu gani, wimbo wake unaanzaje, na majengo makubwa yamepewa majina ya akina nani. Wimbo utaupata kwenye tovuti ya chuo au kwenye video za wanafunzi. Ukariri hata ubeti mmoja. Utaimbwa wiki ya kwanza, na hutasimama ukichezesha midomo kama mimi.

Uliza pia kuhusu mavazi. Kwenye vyuo kadhaa sherehe ya kuwapokea wapya ina sare yake. Spelman, chuo cha wanawake cha Atlanta, kina desturi ya gauni jeupe ambayo ina miaka mingi. Ni jambo dogo, ila ukilijua Julai unanunua gauni la bei nafuu kwa utulivu, na ukilijua usiku wa kuamkia sherehe unalia chooni.

Hatua ya 3: Siku kumi za kwanza, salimia na kula na watu

Siku kumi hizi zina thamani kuliko mwezi wowote utakaofuata. Kila mtu ni mgeni, kila mlango uko wazi, hakuna anayeshangaa ukijitambulisha. Ikifika katikati ya Septemba vikundi vimeshaganda, na kuingia kunataka nguvu mara tatu.

Anza na salamu. Hapa una mtaji ambao huenda hujui kwamba unao. Kwenye vyuo vya weusi, hasa vya Kusini, salamu ni jambo zito. Ukipishana na mtu kwenye njia unamsalimia, ukiingia ofisini unawasalimia wote kabla ya kusema shida yako, na mama anayepakua chakula au mzee anayefagia unamwita kwa heshima. Wazee wa pale wanamhesabu kijana asiyesalimia kuwa hakufunzwa kwao. Wewe umekulia kwenye "shikamoo" na "habari za asubuhi", kwa hiyo hili unalo tayari. Kinachotuponza ni aibu ya Kiingereza. Tunaogopa lafudhi, tunainamisha macho, na wenzetu wanasoma kwamba tunaringa. Inua uso, tamka salamu fupi, taja jina lako. Lafudhi itazoeleka.

Kuhusu jina, lifundishe mara moja na usilikate. Nilikuwa na mwanafunzi anayeitwa kwa jina la silabi nne ambaye wiki ya kwanza alijiita kwa silabi moja ili kuwarahisishia watu. Desemba aliniambia kwamba bwenini nzima hakuna anayemjua kwa jina lake. Sema jina lako polepole, lirudie, mpe mtu kitu cha kulishikia. Watu wenye nia njema watajifunza.

Mwenzako wa chumbani si lazima awe rafiki yako, ila mnahitaji makubaliano. Kaeni siku ya pili au ya tatu, kabla hamjaudhiana, mzungumze taa zinazimwa saa ngapi, wageni wanakuja lini, nani anasafisha nini, chakula chenye harufu kinapashwa wapi. Mimi na mwenzangu tuligombana kuhusu dagaa. Yeye hakuwa na ubaya, wala dagaa hawakuwa na kosa. Hatukuwa tumezungumza tu.

Halafu chakula. Weka sharti na nafsi yako kwamba kwa siku hizo kumi, mlo mmoja kila siku utakula mezani na mtu ambaye jana hukumjua. Usibebe sahani chumbani. Vyuo vingi vya weusi vina Jumatano ya kuku wa kukaanga, na siku hiyo mkahawa hujaa kama harusi, walimu na wafanyakazi wote wapo. Ukiwa huna ujasiri siku nyingine yoyote, nenda Jumatano. Foleni ni ndefu, na kwenye foleni ndefu mtu hashindwi kuongea na aliye mbele yake.

Acha mlango wa chumba wazi jioni ukiwa umekaa tu. Nakumbusha jambo moja. Tarehe 1 Februari 1960, vijana wanne wa North Carolina A&T, wote wa mwaka wa kwanza, walikwenda kukaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu peke yao katika duka la Woolworth mjini Greensboro, wakagoma kuondoka, na mgomo wa namna ile ukaenea Kusini nzima. Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond hawakukutana kwenye mkutano wa siasa. Yalianzia kwenye maongezi ya usiku bwenini, chumba hadi chumba.

Hatua ya 4: Mwalimu mmoja akujue kwa jina kabla ya wiki ya nne

Kila mhadhiri ana saa za ofisi, zimeandikwa kwenye silabasi. Sisi tunadhani ni saa zake za kufanya kazi zake, tusimsumbue. Ni kinyume. Amekaa pale anasubiri wanafunzi, na mara nyingi hakuna anayekuja.

Mara yangu ya kwanza nilisimama nje ya mlango karibu dakika ishirini nikisoma tangazo lililobandikwa ukutani, lile lile, mpaka nikalijua kwa moyo. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mama mmoja mwenye mvi alikuwa anasahihisha kwa kalamu ya kijani. Bila kuinua kichwa akasema, "Unaingia, au nikuletee kiti hapo nje?" Nikaingia. Nilikuwa nimeandaa swali la hesabu. Hakuniuliza swali langu. Aliniuliza, "Watu wako ni akina nani?" Hilo ni swali la kawaida kabisa kwa weusi wa Kusini, na ni lile lile la kwetu: wewe ni wa nani? Nikamweleza habari za Fizi, kwetu Kongo, za kambi, za baba anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kuku. Naye akanieleza habari za bibi yake aliyevuna pamba. Swali la hesabu tulilifikia mwisho, likachukua dakika nne.

Ukienda, fanya hivi. Nenda wiki ya pili au ya tatu, kabla hujapata shida, maana kwenda na shida kunakupa woga zaidi. Beba daftari na swali moja dogo la kweli kutoka somo la juzi. Taja jina, unakotoka, na kwamba wewe ni wa kwanza kwenu. Usilione aibu sentensi hiyo. Walimu wengi wa vyuo hivi nao walikuwa wa kwanza kwao, na wanaposikia hivyo hukaa sawa kwenye kiti. Mtazame usoni. Kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, huku kunasomeka kama unaficha kitu. Mwite kwa cheo chake. Kwenye vyuo hivi, mtu aliyepata udaktari hapendi kuitwa kwa jina la kwanza, na ukijua historia yake utaelewa kwa nini. Kabla ya kutoka, muulize kitu kimoja: mwanafunzi anayefanya vizuri somo hili hujisomea na nani? Mara nyingi atakutajia mtu.

Mwalimu huyo mmoja ndiye atakayekuandikia barua ya mapendekezo miaka miwili baadaye. Ila muhimu zaidi, ni mtu ambaye ukikosa darasa wiki nzima atauliza uko wapi.

Hatua ya 5: Chagua vikundi viwili, basi

Kutakuwa na siku ya maonyesho ya vikundi, meza zimepangwa kwenye uwanja wa katikati, muziki unapigwa. Utaandika jina kwenye meza kumi na tano, na utapokea ujumbe mpaka uchoke. Chagua viwili: kimoja cha masomo au kazi unayoitaka, na kimoja cha roho, iwe kwaya, bendi, kikundi cha Waislamu, densi, gazeti la chuo. Nenda mara tatu mfululizo kabla ya kuamua kama kinakufaa. Mara ya kwanza kila kikundi kinaonekana kama hakikuhitaji.

Kazi za ndani ya chuo nazo ni kikundi. Mwanafunzi anayefanya kazi saa kumi kwa wiki maktaba au ofisi ya msajili anajulikana na watu wazima wengi kuliko anayeendesha gari usiku kupeleka vyakula mjini, hata kama huyo wa pili anaingiza zaidi.

Sasa vyama vya herufi za Kigiriki. Utaviona siku ya kwanza: rangi zao, miito yao, hatua zao za ngoma uwanjani. Vile vya weusi ni tisa. Alpha Kappa Alpha, wa kwanza kwa wanawake weusi, ulianza Howard 1908, na kati ya tisa hivyo vitano vilizaliwa Howard. Ni undugu wa maisha, na wahitimu wake wapo kila mji mkubwa. Mgeni ajue haya. Mwaka wa kwanza kwa kawaida si wa kujiunga, kwani wanataka uwe umeshakusanya krediti na maksi nzuri. Usivae herufi zao, usiige ishara zao za mikono wala miito yao, usikanyage wala kukalia mahali pao palipojengwa uwanjani, hata ukiona ni benchi zuri lenye kivuli. Kujiunga kuna gharama, uliza mapema ni kiasi gani. Wanaangalia pia tabia na huduma yako kwa jamii, kwa hiyo mwaka wa kwanza jitolee kwenye shughuli zao za wazi na usiombe kitu.

Na nisikilize vizuri hapa. Mtu yeyote, wa chama, wa bendi au wa timu, akikwambia kwamba ili uwe mwenzao lazima upigwe, unyimwe usingizi au unyweshwe pombe, ondoka, ukaripoti. Novemba 2011 kiongozi mmoja wa bendi ya Florida A&M alifariki baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi. Alikuwa kijana aliyependwa kwenye bendi mashuhuri kabisa. Sisi tunaotoka mbali tuna njaa ya kukubaliwa, na njaa hiyo wengine wanaiona.

Hatua ya 6: Mwafrika katikati ya Wamarekani weusi

Hili watu hulizungumza chini chini, nami nalisema wazi kwa sababu limewaumiza wengi pande zote mbili.

Utaulizwa maswali ya ajabu kuhusu Afrika. Mengine yatakuwa ya kejeli, na kejeli unaruhusiwa kuikataa. Mengi lakini ni ya mtu ambaye ukoo wake ulikatwa kwa nguvu, ambaye hawezi kusema babu wa babu yake alitoka kijiji gani, na sasa ameketi na wewe unayejua. Wivu na hamu vinaweza kutoka mdomoni vikiwa na sura moja. Jibu kwa upole mara ya kwanza.

Upande wetu nao una lake. Nyumba nyingi za Waafrika Marekani watoto wanaonywa: usishike tabia za hawa, hawapendi shule. Nimeyasikia sebuleni kwetu. Halafu mtoto huyo huyo anapelekwa kusoma kwenye chuo ambacho watu hao walikijenga kwa michango ya makanisa wakati hawana ardhi wala haki ya kupiga kura. Maneno hayo yaache nyumbani, na ukiweza, ukirudi likizo wasahihishe wazee kwa adabu.

Kuna deni la zamani la kukumbuka. Mbiyu Koinange wa Kenya alisoma Hampton mwishoni mwa miaka ya 1920. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alipata shahada Lincoln, chuo cha weusi cha Pennsylvania, mwaka 1930, na Kwame Nkrumah wa Ghana hapo hapo mwaka 1939. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipowapeleka Wakenya 81 Marekani kwa ndege Septemba 1959, baadhi yao walipokelewa na vyuo vya weusi wakati vyuo vingi vya Kusini visingemruhusu mtu mweusi kuingia. Tumekula mezani hapa kwa karibu karne nzima.

Jiunge na chama cha wanafunzi wa Kiafrika, ndiyo. Utapata pilau, utasikia Kiswahili, utalia kidogo na kupata nafuu. Ila kisiwe kikundi chako pekee. Kipimo changu ni hiki: ifikapo mwisho wa Novemba, uwe na angalau mtu mmoja, Mmarekani mweusi, ambaye umekwenda kwao au amekuja kwenu. Wikiendi ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, ni nafasi nzuri. Mpeleke rafiki nyumbani, mama atapika sombe, mgeni ataonja akisema inafanana na mboga za majani za bibi yake, na mama hatamwachia aondoke bila kufungiwa chakula.

Hatua ya 7: Pesa isikufungie ndani

Mwanafunzi huanza kujitenga anapoishiwa, na hasemi. Sherehe kubwa ya Oktoba, Homecoming, wahitimu wanaporudi kwa maelfu, ina nguo mpya, tiketi za tamasha, chakula cha barabarani. Unaweza kuifurahia yote bila kununua tiketi hata moja: gwaride la asubuhi, bendi, wazee wakisalimiana kwenye nyasi. Kaa karibu na wahitimu wa zamani, wasalimie, waulize walilala bweni gani. Nimeona mwanafunzi akipata kazi ya kiangazi kwa swali hilo.

Kwa makaratasi: jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, mapema kila mwaka, siyo mwaka wa kwanza tu. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, kwa mwaka wa masomo 2025–26 ilifika hadi dola 7,395 kulingana na kipato cha familia. Vyuo vingi vya weusi vina fedha finyu na watumishi wachache, kwa hiyo foleni ya ofisi ya fedha Agosti ni ndefu kweli. Mwaka wangu wa pili akaunti yangu ilifungwa kwa deni ambalo baba alikuwa ameshalipa. Risiti ilipotea kati ya ofisi mbili, nikakaa wiki mbili bila kusajiliwa. Tangu hapo nafundisha hivi: beba nakala, andika jina la uliyeongea naye na tarehe, na jioni hiyo hiyo mtumie barua pepe fupi ya kurudia mlichokubaliana. Uwe mpole. Mama wa dirishani anatukanwa siku nzima. Anayemsalimia kwa jina anakumbukwa.

Ukiishiwa chakula, uliza kama chuo kina stoo ya chakula ya wanafunzi, na uliza kuhusu fedha za dharura kwa mkuu wa wanafunzi. Mwenye viza ya mwanafunzi, mwaka wa kwanza, afanye kazi ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Hatua ya 8: Kubaliana na nyumbani

Wengi wetu ndio masikio ya familia. Barua ya bima ikija, sisi. Mama akienda hospitali, sisi tunatafsiri kwa simu. Niliwahi kutoka nje ya mtihani mdogo wa baiolojia kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameitwa kwa mkuu wa shule na hakuna mwingine wa kuongea Kiingereza. Sikujutia, lakini jambo hilo lilijirudia mpaka nikawa nipo chuoni kwa mwili tu.

Kabla ya kuhama, kaeni kikao. Mweleze baba na mama kwamba hospitali na shule kwa kawaida zina wajibu wa kutafuta mkalimani bila malipo, na waandikieni sentensi moja ya Kiingereza ya kumwomba, wakae nayo kwenye pochi. Pangeni siku mbili za simu kwa wiki. Barua zisizo za haraka zipigwe picha, utazisoma Jumapili. Na kama mnaishi karibu, usirudi nyumbani kila Ijumaa. Wikiendi sita za kwanza kaa chuoni, hata kama utakaa tu. Urafiki wa chuo unazaliwa Jumamosi mchana wakati hakuna la kufanya.

Wazazi, ninyi nanyi nina neno. Mtoto akipokea simu haraka haraka na kukata, hajawasahau. Msishangae chuo kikikataa kuwapa maksi zake. Sheria ya 1974 ya faragha ya wanafunzi inampa yeye haki ya kumbukumbu zake, kwa kawaida hadi atie saini kuwaruhusu. Mwombeni asaini kwa upendo, msimlazimishe. Na siku ya familia mkialikwa, nendeni. Vaeni kitenge. Hakuna atakayewacheka, watataka kupiga picha na ninyi. Mtoto anayeona wazazi wake wamekaa kwenye viti vya chuo chake hatembei tena kama mgeni pale.

Hatua ya 9: Wiki ya sita, jikague

Chukua karatasi. Andika jina la mtu unayekula naye, la mwalimu anayekujua, la mtu mzima asiye mwalimu ambaye ungemwendea na shida, na la mtu ambaye angegonga mlango wako usipoonekana siku mbili. Yakiwepo matatu, uko vizuri. Likiwepo moja, rudi hatua ya 3 na ya 5, hujachelewa. Usipoandika hata moja, peleka karatasi hiyo, ikiwa tupu hivyo hivyo, ofisi ya ushauri nasaha. Huduma hiyo mara nyingi imeshaingia kwenye ada. Kwenda kule hakumaanishi una kichaa, hata kama shangazi atasema hivyo.

Usiamue kuhama chuo mwezi Oktoba. Oktoba ni mwezi mbaya kwa kila mtu: mitihani ya katikati, baridi inaanza, pesa imeisha. Vuta mpaka tarehe 8 Novemba. Ni siku ambayo sheria ile ya elimu ya juu ilitiwa saini mwaka 1965, na vyuo vingi sasa huitumia kuwasherehekea wa kwanza katika familia zao. Walimu na watumishi waliokuwa wa kwanza kwao huvaa beji au fulana. Siku hiyo mwaka wangu wa kwanza nilimwona mpishi, mkuu wa idara na rais wa serikali ya wanafunzi wamevaa beji ile ile.

Agosti ya mwaka uliofuata niliomba kuwa mmoja wa wanaobeba mizigo ya wapya. Asubuhi ilifika familia ya Wasomali kutoka Ohio, mama, kaka wawili na binti, na birika la chai lililofungwa kwa kitambaa. Nikachukua boksi la juu. Tukiwa kwenye ngazi yule binti akaniuliza watu kule juu wanaimba nini. Tukasimama hapo hapo kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, boksi mikononi, nikamwimbia ubeti wa kwanza mara mbili, polepole, mpaka akaushika.